Breki pedi za nyuma: ubadilishe mwenyewe, umwite fundi nyumbani au upeleke gari gereji?

Sauti huanza vilevile kwa wengi: mlio mwembamba wa chuma unaosikika ukikanyaga breki taratibu na kupotea ukiachia. Unashusha kioo, unapita karibu na ukuta ili sauti irudi, unagundua inatoka nyuma. Mara nyingi huo ni mlio wa kibati kidogo kilichofungwa kwenye pedi kwa makusudi; kazi yake ni kugusa diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na kupiga kelele pedi ikikaribia kuisha. Magari mengine hayapigi kelele, yanawasha taa kwenye dashibodi. Na mengine hayasemi lolote mpaka chuma kianze kusaga chuma.

Hapo ndipo watu hukwama. Mmoja anakwambia ni kazi ya nusu saa, fungua mwenyewe. Mwingine anakwambia breki hazichezewi, peleka gereji. Wa tatu ana namba ya fundi anayekuja mpaka nyumbani. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa gari lake. Mimi nimezipitia njia zote hizo, moja ikanigharimu kalipa nzima, ile sehemu ya chuma inayoikumbatia diski na kuzibana pedi, kwa hiyo hapa nazipima kwa vipimo vilevile na uamuzi nakuachia wewe.

Angalizo moja kabla hatujaanza: tunazungumzia pedi, yaani gari lenye diski kwenye magurudumu ya nyuma. Kama nyuma kuna drami zenye viatu vya breki, hiyo ni kazi nyingine kabisa, yenye springi nyingi na maneno makali mengi, na ulinganisho huu hautakufaa sana.

Vipimo vya kulinganishia

Watu wengi hulinganisha kwa gharama tu. Gharama ina nafasi yake, lakini kila mtu anaijua ya kwake, na mara nyingi tofauti kubwa haitoki kwenye pedi, inatoka kwenye kosa. Mimi natazama mambo haya: vifaa na mahali pa kufanyia kazi, muda, kinachokaguliwa gurudumu likiwa nje, na nani anabeba mzigo kosa likitokea. Kisha, njia hiyo inamfaa nani.

Ila kuna kipimo kimoja kinachotangulia vyote, na ndicho wengi hukiruka.

Hendibreki ndiyo inayoamua

Pedi za mbele hubadilishwa kwa mtindo mmoja karibu kwenye magari yote. Unafungua kalipa, unairudisha ndani pistoni, kile kipande cha mviringo kinachosukuma pedi, kwa kuisukuma moja kwa moja, unapachika pedi mpya. Lazima pistoni irudi, kwa sababu imekuwa ikitoka kidogo kidogo kadiri pedi zilivyokuwa zikilika, na pedi mpya ni nene, hazitapata nafasi. Aliyeifanya kazi hiyo mbele mara mbili tatu huamini nyuma ni vilevile. Lakini nyuma kuna hendibreki, nayo hufungwa kwa namna tatu.

Ya kwanza ni hendibreki ya waya inayoingia kwenye kalipa yenyewe. Mulika kwa tochi mgongoni mwa kalipa, utaona kimkono kidogo chenye springi na waya umenasa kwenye ncha yake. Ndani ya kalipa ya namna hii kuna mtambo wa skrubu, na pistoni yake hairudi kwa kusukumwa tu: inasukumwa huku inazungushwa. Ndiyo maana uso wake una mikato, miwili au minne, ya kushikia kifaa cha kuzungushia. Kwenye magari mengi inazungushwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, ila yapo ambayo upande mmoja unakwenda kinyume, kwa hiyo kitabu cha gari lako ndicho cha kusikilizwa.

Ya pili ina viatu vidogo vya hendibreki ndani ya kitovu cha diski, kama drami ndogo iliyofichwa. Waya wa hendibreki unapita nyuma ya hab, yaani kitovu kinachobeba gurudumu, wala haugusi kalipa. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Pistoni inarudi moja kwa moja kama ya mbele.

Ya tatu ni ya umeme. Ndani ya gari hakuna mkono wa kuvuta, kuna kitufe. Kwenye magari mengi ya namna hii utaona mgongoni mwa kalipa kiboksi cha plastiki cha ukubwa wa ngumi, chenye plagi ya nyaya. Hicho ni kimota kinachoibana pistoni. Kabla ya kuigusa pistoni hiyo, gari lazima liwekwe katika hali ya matengenezo ili kimota kirudi nyuma. Baadhi ya magari yanakubali kwa mpangilio fulani wa kukanyaga breki na kubonyeza kitufe, mengine hayakubali mpaka uchomeke mashine ya kusomea kompyuta ya gari.

Sasa niseme yaliyonikuta. Gari langu lilikuwa la namna ya kwanza na mimi sikujua. Nilichukua klampu ya seremala, ileile niliyoitumia mbele, nikaibana pistoni. Ikakataa. Nikachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa klampu ili nipate nguvu zaidi. Ikasikika “tak” moja ndogo, kavu, pistoni ikaingia milimita chache, nikafurahi. Furaha hiyo iliisha jioni nilipovuta hendibreki: upande mmoja ulishika, ule mwingine ulikuwa umekufa. Mtambo wa ndani ulikuwa umevunjika, na kalipa hiyo sikuipata kwa vipande, nilinunua nzima. Kifaa cha kuzungushia pistoni, ambacho ningeweza hata kukiazima, kingeniokoa.

Kwa hiyo kabla hujachagua njia, mulika kwanza kupitia matundu ya rimu, au lala chini ukiwa na tochi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote manne. Dakika tano zinatosha kujua lako ni la namna ipi.

Njia ya kwanza: kubadilisha mwenyewe

*Vifaa na mahali.* Unahitaji jeki, stendi mbili za kulalia gari, kabari za magurudumu, wili spana, soketi za ukubwa wa bolti za kalipa, brashi ya waya, grisi maalumu ya breki isiyoharibu mpira, waya au kamba ya kuning’inizia kalipa, na kile kifaa cha kuirudishia pistoni kulingana na hendibreki yako. Toki renchi, ile spana inayopima mkazo, si ya lazima kisheria lakini mimi siku hizi sifungi breki bila hiyo. Mkazo wa bolti za kalipa na wa nati za tairi umeandikwa kwenye kitabu cha gari na hautofautishwi kwa hisia za mkono. Sakafu iwe ngumu na bapa. Udongo laini unameza stendi.

Hapa kuna mtego ambao mbele haupo. Ukiinua gari kwa mbele, hendibreki inashika magurudumu ya nyuma na gari halisogei. Ukiinua nyuma, unatakiwa kuiachia hendibreki, maana ikiwa imeshika, pedi hazitoki na pistoni hairudi. Gari sasa limeinuliwa na halina kizuizi. Kama linaendeshwa na magurudumu ya mbele, gia au P inasaidia, kwa kuwa inashika magurudumu yaliyo chini. Kama linaendeshwa na ya nyuma, P haikusaidii kitu. Inayashika magurudumu yanayoning’inia hewani. Kwa hiyo kabari kwenye magurudumu yote mawili ya mbele, mbele na nyuma ya kila moja, na gari likae juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Mafuta yake yakivuja au likiteleza, hakuna mtu chini ya gari atakayepata muda wa kujuta.

*Muda.* Mwenye uzoefu humaliza pande zote mbili kwa saa moja hadi moja na nusu. Mara yako ya kwanza, tenga nusu siku. Usianze jioni, na usianze siku ambayo kesho yake alfajiri gari lazima litoke. Nati iliyoshikwa na kutu haijui ratiba yako.

*Kinachokaguliwa.* Hapa njia hii inazipita njia nyingine, mradi ujue unachokitafuta. Pedi mpya huwa na “nyama” ya milimita 8 hadi 12 hivi juu ya bati lake. Ikibaki 3, muda umefika. Zitoe pedi za gurudumu moja, ziweke kando kwa kando, zitazame. Zikiwa zimelika sawa, kila kitu kinatembea vizuri. Ikiwa ya ndani imebaki bati tupu na ya nje ina nyama nusu, pedi hazina kosa: kalipa haitelezi. Kalipa nyingi zina pistoni upande mmoja tu, na ili ziibane diski pande zote mbili, mwili mzima wa kalipa lazima uteleze juu ya pini mbili zilizofunikwa na raba. Pini hizo zikishika kutu, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake.

Mtu mwenye haraka ataweka pedi mpya na kuondoka, na baada ya miezi michache hadithi itajirudia. Wewe una siku nzima. Chomoa pini, uone. Nzuri hutoka na grisi safi na kurudi kwa kidole. Mbaya hutoka kwa kuzungushwa na spana, ikiwa na ganda la kahawia. Ifute, isugue, ipake grisi ya silikoni au ile iliyoandikwa kuwa ni ya pini za breki. Grisi ya kawaida ya bearingi huvimbisha raba na kuirudisha pini kulekule ilikotoka. Kagua pia raba ya pistoni kama imechanika, na mpira wa breki, lile bomba linalopeleka mafuta kwenye kalipa, kama una nyufa. Kalipa usiiache ikining’inia kwa mpira huo hata dakika moja. Ifunge kwa waya kwenye springi ya gari.

Fungua upande mmoja kwanza, uumalize, ndipo uende wa pili. Ukisahau kibati fulani kilikaa vipi, unakwenda kuchungulia upande ambao haujaguswa. Pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli kila mara, hata kama upande mmoja bado una nyama, vinginevyo gari litashika breki kwa kuvutia upande.

*Kosa likitokea.* Ni lako. Na makosa ya kazi hii yanajulikana. La kwanza ni kurudisha pistoni bila kutazama chupa ya mafuta ya breki: pistoni ikirudi, mafuta yanapanda, yanafurika, na yakigusa rangi ya gari yanaibandua. Fungua kifuniko, tazama, ukiona yanakaribia kujaa punguza kwa bomba la sindano. La pili, kwenye hendibreki ya namna ya kwanza, ni kuacha mikato ya pistoni imekaa ovyo wakati pedi ya ndani ina kichunusi mgongoni kinachotakiwa kuingia kwenye mkato huo. Kisipoingia, pedi inakaa mshazari. La tatu, kwenye ya umeme, ni mtu mwingine ndani ya gari kubonyeza kitufe kalipa ikiwa wazi. Watoto wanapenda kitufe hicho.

La nne ndilo la hatari kuliko yote na ndilo rahisi kuliko yote kulizuia. Ukimaliza, pistoni bado iko mbali na pedi. Mkanyago wa kwanza wa breki utazama hadi sakafuni bila gari kusimama. Kaa ndani, injini imezimwa, kanyaga polepole mara nyingi mpaka pedeli iwe ngumu, kisha ndipo uwashe. Nimemwona mtu mzima akitoka kinyumenyume kutoka kwenye maegesho yake kwa kujiamini na kusimamishwa na geti.

*Inamfaa nani.* Mwenye hendibreki ya namna ya pili, au ya kwanza na kifaa cha kuzungushia pistoni; mwenye sakafu ngumu, gari la pili au siku ya ziada, na mkono uliokwisha kubadilisha tairi bila kuhangaika. Anayependa kujua hali halisi ya gari lake atafurahia kazi hii kuliko anavyodhani.

Njia ya pili: fundi anayekuja nyumbani

*Vifaa na mahali.* Mahali ni pako, vifaa ni vyake, na hapo kwenye vifaa ndipo pa kuuliza kabla hajatoka kwake. Mwambie gari ni lipi na hendibreki ni ya namna gani, kisha msikilize. Anayejua kazi atakuuliza mwenyewe kama ni ya kitufe. Anayesema “usijali, nitaona nikifika” mara nyingi ataona kwa klampu, kama nilivyoona mimi. Uliza kama ana stendi. Wako wanaofanya kazi nzuri kwa mikono yao na bado wanalaza gari juu ya jeki na jiwe, na wewe ndiye mwenye uwanja.

*Muda.* Saa moja hadi mbili za kazi, pamoja na subira ya kumngoja. Faida ni kwamba unamngoja ukiwa kwako.

*Kinachokaguliwa.* Inategemea umesimama wapi. Ukisimama pale, ukaomba akuonyeshe pedi za zamani na pini za kalipa, utaona karibu kila kitu ambacho ungeona ukifanya mwenyewe, na utajifunza. Ukiingia ndani kutazama mpira, utakuta gari limefungwa. Mimi huwa naomba kitu kimoja tu kwa upole: “Fundi, tuzitoe pini tuzione.” Mzuri hakasiriki.

Kuna jambo dogo ambalo lina uzito wake: vumbi. Mafundi wengi huzoea kulipuliza kwa mdomo au kwa kompresa. Pedi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu, na ingawa imepigwa marufuku katika nchi nyingi, huwezi kujua kwa macho pedi iliyo mbele yako ina nini. Hata vumbi la pedi zisizo nayo si la kuvuta. Mpe maji ya kunyunyizia au dawa ya kusafishia breki, vumbi litoke likiwa bichi.

*Kosa likitokea.* Hapa ni suala la kumpata. Fundi uliyeelekezwa kwake na jirani anayemjua miaka mingi atarudi kesho akisikia breki inalia. Uliyempata kwa namba iliyobandikwa mahali, huenda simu ikaita tu. Kubalianeni mapema: nani ananunua pedi, na gari likipiga kelele ndani ya wiki anarudi au harudi. Kama pedi unanunua mwenyewe, nenda na zile za zamani, au na namba ya chesisi, maana gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na kalipa mbili tofauti za nyuma.

*Inamfaa nani.* Asiye na vifaa lakini ana jicho na muda wa kusimama pale. Pia anayetaka kuifanya kazi mwenyewe safari ijayo na anahitaji kuiona kwanza ikifanywa.

Njia ya tatu: gereji

*Vifaa na mahali.* Hapa gereji iliyokamilika haina mshindani. Gari linapanda kwenye lifti, hakuna habari ya kabari. Mashine ya kompyuta ya gari ipo, kwa hiyo hendibreki ya umeme si tatizo. Diski ikiwa imepinda, wanaipima kwa geji, na baadhi wanaweza kuichonga. Mafuta ya breki yakiwa yamechoka wanayabadilisha na kutoa upepo ulionaswa kwenye mabomba palepale. Hilo la mafuta linasahaulika: DOT 3 na DOT 4, aina za mafuta hayo zilizoandikwa kwenye chupa, hufyonza unyevu wa hewani, na watengenezaji wengi husema yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. DOT 4 mpya hutakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230 za sentigredi. Ikishafyonza maji kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu tofauti hiyo ndiyo pedeli ngumu na pedeli laini.

*Muda.* Kazi yenyewe ni fupi, foleni ndiyo ndefu. Piga simu, weka miadi, uulize kama utaondoka na gari siku hiyohiyo.

*Kinachokaguliwa.* Wana uwezo wa kukagua zaidi ya mtu yeyote, na wewe una uwezo wa kuona kidogo kuliko kwenye njia nyingine. Mara nyingi unakaa kwenye benchi, mtu anakuja na karatasi: “Diski nazo zimekwisha.” Inawezekana ni kweli. Kila diski ina unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na kwa kawaida umegongwa kwenye ukingo au kitovu chake, mara nyingi kwa herufi MIN TH na tarakimu za milimita. Uliza: yangu imepima ngapi, na iliyoandikwa ni ngapi? Swali hilo halimtuhumu mtu, na jibu lake ni tarakimu mbili. Asiyekuwa na tarakimu hajapima.

*Kosa likitokea.* Kuna risiti, kuna jina mlangoni, kwa kawaida kuna dhamana ya kazi. Hiyo ni faida kubwa na nisingeidharau. Lakini haiondoi ulazima wa kukagua. Gereji moja iliwahi kunirudishia gari ambalo hendibreki yake ilipanda hadi juu kabisa bila kushika. Walilegeza waya ili kalipa itoke, wakasahau kuukaza. Niligundua kwenye mwinuko, gari lilipoanza kurudi nyuma taratibu huku nikitafuta sarafu za maegesho. Tangu siku ile sitoki getini kabla ya kuvuta hendibreki na kukanyaga pedeli. Kitu kingine cha kuangalia ni nati za tairi. Zikifungwa kwa bunduki ya upepo tu bila toki renchi, siku ya pancha wewe na wili spana yako mtalia.

*Inamfaa nani.* Mwenye hendibreki ya umeme isiyofunguka bila mashine, mwenye diski zinazotetemesha pedeli, mwenye gari ambalo bado liko kwenye dhamana ya mtengenezaji na anahitaji kumbukumbu ya matengenezo, na mtu ambaye hana pa kuegesha penye sakafu ngumu.

Neno fupi kuhusu pedi zenyewe

Njia yoyote utakayochukua, pedi utaziona za aina kubwa tatu. Za mchanganyiko laini usio na chuma kingi ni kimya na hazili diski, ila huisha mapema. Zenye chuma huvumilia joto na mzigo, lakini zina kelele na vumbi jeusi. Za kauri ni kimya, hazichafui rimu, na kwa kawaida bei yake iko juu. Breki za nyuma hufanya sehemu ndogo ya kazi, kwa kuwa gari likisimama ghafla uzito mwingi huinamia mbele, kwa hiyo sioni sababu ya kujitutumua kwa pedi za mashindano huku nyuma. Aina aliyoiweka mtengenezaji inatosha. Usichanganye tu aina mbili kwenye ekseli moja.

Na zikishafungwa, zinahitaji kuzoeana na diski. Kwenye barabara tupu, kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa hivi, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, mara kama kumi, ukiachia nafasi ya breki kupoa katikati. Kilomita 200 au 300 za mwanzo, epuka kuzikandamiza isipokuwa kwa dharura.

Kwa hali yako

Hendibreki yako ni ya viatu ndani ya diski, una stendi, na gari halihitajiki kesho: anza mwenyewe. Huu ndio mlango mzuri kuliko wote wa kuingilia kazi ya breki.

Hendibreki yako ni ya waya kwenye kalipa: uamuzi wote uko kwenye kifaa cha kuzungushia pistoni. Ukikipata, fanya mwenyewe. Usipokipata, mwite fundi aliye nacho, na umwombe akionyeshe kabla hajafungua nati ya kwanza.

Ni ya kitufe, na kitabu cha gari kinaeleza namna ya kuiweka katika hali ya matengenezo bila mashine: bado unaweza kufanya nyumbani, ukiwa na ufunguo wa gari mfukoni mwako na mlango umefungwa. Kitabu kikisema lazima mashine, nenda gereji au kwa fundi mwenye mashine hiyo. Njia za mkato za kuchomoa betri au kukilazimisha kimota kwa bisibisi zimewaachia watu wengi taa ya njano isiyozimika.

Pedi ya ndani imeisha na ya nje bado: yeyote atakayeifanya kazi hiyo, mwambie hilo kwanza, kwa maneno yako, kabla hajanunua chochote. Pini ndizo zinazohitaji muda, na anayelipwa kwa haraka hatazigusa asipoambiwa.

Una vifaa lakini huna uhakika wa mikono yako: gawa kazi. Nunua pedi sahihi mwenyewe, toa gurudumu moja uone hali, pima nyama iliyobaki, piga picha, kisha umpe fundi amalizie ukiwa umesimama kando. Safari ijayo mnabadilishana nafasi.

Na kama pedeli inazama, au umeona mafuta yamelowanisha ndani ya gurudumu la nyuma, acha habari ya pedi. Hapo kuna kitu kinachovuja, na gari hilo halitoki lilipo kwa kuendeshwa; ama fundi anakuja, ama linabebwa.